Koplo Aliyechukua Miezi Mitano Kufika

Nilikuwa shambani napunguza machipukizi ya migomba simu ilipolia. Alikuwa binti wa rafiki yangu mchoraji. "Mwalimu," akasema, "mzee ametuacha leo asubuhi." Kabla sijapata neno la kumfariji, akaongeza kwamba siku mbili kabla ya kufa, baba yake aliwagombeza wauguzi, eti kibao cha mlango wa wodi kina herufi zilizolala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, na kwamba wakimpa rangi na kiti cha kusimamia atawanyooshea kabla ya chakula cha mchana. Nikacheka. Naye akacheka, huku sauti yake imejaa machozi. Wasomaji wangu mniwie radhi kwa kuanza tanzia kwa kicheko. Kwa miaka zaidi ya arobaini niliyomjua marehemu huyu, sikumbuki siku tuliyokutana tukaagana bila kucheka, na sikuona kwa nini siku hiyo iwe tofauti.

Alikuwa mchoraji wa vibao mjini Kisii, siku zile Nyamira ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Kisii. Kabla ya hapo alikuwa jeshini, na ukimuuliza alipigana wapi alijibu kwamba yeye alikuwa askari wa chokaa: kazi yake kambini ilikuwa kupaka mawe rangi nyeupe, na hakuna jiwe hata moja lililomshinda. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga chumba Nyanchwa, na kila jioni niliposhuka mjini nilipita mbele ya kinyozi mmoja mwenye kibao kilichosema TUNANYOA WATU WA AINA WOTE. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamtafuta aliyekiandika. Nilimkuta amechuchumaa nje ya kibanda chake karibu na soko, nikamweleza, kwa kiburi cha mtu aliyetoka chuoni juzi, kwamba inapaswa kuwa "aina zote". Akafuta brashi kwenye suruali. "Wewe mwalimu unajua maneno, mimi najua rangi," akasema. "Ingia ndani. Kuna mtu nataka umsaidie kuongea."

Mtu huyo alikuwa Koplo. Alikuwa amechorwa kwenye karatasi ya kaki iliyotolewa ndani ya mfuko wa saruji, amevaa buti na kofia, na ameinamia majivu ya nyumba. Hadithi yenyewe ilikuwa rahisi: askari anarudi kutoka jeshini, anakuta nyumba ya baba yake imechomwa na jirani, baba amekufa, jirani amehama. Anaapa kumtafuta hadi ampate. Mchoraji wetu alikusudia kubandika karatasi moja ukutani kila siku ya soko, nami nikapewa kazi ya kujaza maneno ndani ya viputo, yale mapovu ya usemi juu ya vichwa vya wahusika. Nilianza kwa fahari kubwa. Kiputo changu cha kwanza kilianza, "Ewe dhalimu usiye na chembe ya utu," na kikaendelea hadi kikafunika kofia ya Koplo na nusu ya mlima uliochorwa nyuma yake. Alikisoma polepole, akakikwangua. "Hiyo maneno ni mingi," akasema. "Mtu mwenye uchungu haongei kama mhubiri." Badala yake akataka niandike: Nitakupata. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la uandishi, na sikulipata darasani.

Hadithi ikashika moto. Watu waliokuja kuuza kuku na mtama walianza kufika mapema ili wapate nafasi mbele ya ukuta, na wasiojua kusoma walisomewa na wanaojua, mara nyingi kwa Ekegusii na kwa nyongeza ambazo mimi sikuziandika. Koplo alivaa sare ya buluu, kwa sababu rangi ya kijani ilikuwa imemalizikia kwenye kibao cha duka la dawa, na mama mmoja muuza ndizi, aliyekuwa na kauli kuliko soko zima, aliuliza kama huyu ni askari ama ni mhudumu wa hoteli. Wiki ambayo Koplo alikata njia kutoka Nyaramba kwenda Gesima kupitia katikati ya mashamba, mkulima mmoja alikuja akiwa amekasirika kweli. "Huyo askari wako anakanyaga chai ya watu!" Wiki iliyofuata Koplo akaonekana akitembea kando ya barabara kwa adabu, na mkulima akarudi kutoa shukrani.

Lakini kadiri Koplo alivyoendelea na safari, ndivyo alivyozidi kusitasita. Wiki moja alikaa juu ya jiwe akakumbuka jinsi jirani huyo alivyokuwa akimpa miwa alipokuwa mdogo. Wiki nyingine aligeuka nyuma kabisa, halafu akageuka tena. Wasomaji wakagawanyika. Muuza ndizi aliongoza kundi la wanaotaka damu. "Apigwe!" alikuwa akisema, akigonga kikapu chake. "Mtu akichoma nyumba, apigwe! Miezi minne askari anatembea tu, ana mguu ama ana kidonda?" Mimi pia nilichoka. Nilimuuliza rafiki yangu kwa nini asimfikishe Koplo tukamalizana. Akajibu kwamba Koplo mwenyewe hajui akifika atafanya nini. Nilidhani hayo ni maneno ya msanii. Niliona pia kwamba adui wa Koplo alichorwa kwa uangalifu usio wa kawaida: mwanya katika meno ya mbele, koti refu lenye kifungo kimoja.

Katika mwezi wa tano, siku ya soko, mzee mmoja alisimama mbele ya ukuta akatazama kwa muda mrefu bila kusomewa. Alipogeuka nikaona mwanya. Kisha nikaona koti, na kifungo kimoja. Muuza ndizi naye aliona. Akaweka chini kikapu alichozoea kukigonga. Mchoraji alikuwa ndani akikoroga rangi. Alitoka na kopo mkononi, akasimama.

"Wewe ni mtoto wa yule jirani yangu wa Gesima," mzee akasema.

"Ni mimi."

"Niliambiwa picha yangu iko mjini. Nikasema nije nione. Umenichora vizuri, hata kifungo." Akagusa kifungo cha koti lake. "Ile siku tuligombana na baba yako juu ya mpaka, wakati mashamba yanapimwa. Nilitaka kuchoma ua peke yake. Upepo ukabeba moto."

"Upepo," mchoraji akasema.

"Si upepo ulionileta hapa. Baba yako alikuja kwa mlango yangu baada ya moto, kabla hajafa, akaniomba maji ya kunywa. Nikafunga. Hiyo ndiyo haiachi nilale. Sasa huyu askari wako, kila wiki watu wananiambia amefika hapa, amefika pale. Nimechoka kumngoja, mwanangu. Kama anakuja, aje."

Rafiki yangu alikuwa na kopo la rangi nyekundu katika mkono mmoja, na katika mwingine kile kisu kipana cha kukwangulia mbao, na nakiri kwamba nilimsogelea, bila kujua ningeweza kufanya nini. Aliweka kopo chini. Aliweka kisu chini. Kisha akapita katikati ya watu akapanda barabara ya Nyanchwa bila kugeuka. Mzee akabaki amesimama peke yake mbele ya picha yake, na watu wote wakimwangalia muuza ndizi, maana ndiye aliyekuwa akidai damu kwa miezi minne. Mama yule alisimama, akavuta kigoda chake mwenyewe, akakifuta kwa leso. "Kaa chini, mogaka," akamwambia, kwa heshima tunayompa mzee yeyote. "Umetoka mbali."

Rafiki yangu alirudi alasiri, mzee akiwa ameshapanda gari la kurudi nyumbani. Wiki nzima alijifungia kwenye kibanda, na nilipokwenda na kalamu yangu alinirudisha. "Hii haina maneno, mwalimu." Siku ya soko ilipofika akabandika karatasi ya mwisho. Koplo amefika. Bunduki imeegemezwa ukutani. Mlango uko wazi, na mzee mwenye mwanya amesimama kizingitini akimtazama Koplo akinywa maji kwenye kibuyu, kichwa kikiwa nyuma, koo limenyooka, kama mtu aliyetembea miezi mitano bila kunywa. Hiyo ndiyo ilikuwa picha nzima.

Malalamiko yalikuwa mengi. Kijana mmoja wa gereji alisema amedanganywa, tumemtembeza kote huko kwa sababu ya maji! Muuza ndizi ndiye aliyemjibu. "Hayo maji ni makali kuliko risasi," akasema. "Kunywa wewe uone kama yatapita." Nilitamani kiputo hicho kingekuwa changu.

Msifikiri kwamba wawili hao walikumbatiana. Mzee alisimama mbele ya wazee wa mtaa huko Gesima akayasema yale yale aliyoyasema sokoni, na wanawe wakaja kumjengea mama wa mchoraji jiko. Rafiki yangu alimaliza zaidi ya mwaka kabla ya kuitikia salamu ya mzee huyo. Nilipomuuliza, miaka baadaye, kama siku ile alimsamehe, alitingisha kichwa. "Sikumsamehe. Nilishindwa tu kuendelea kumchora akiwa mbaya. Kila wiki natafuta ubaya katika ile uso, naona mtu amezeeka." Msamaha, alisema, ulikuja baadaye, pole pole, siku ambayo hata hakuiona ikipita.

Siku hizi vibao vyetu vinatoka kwenye mashine, plastiki tupu, na herufi zake hazina kosa. Sina ugomvi na mashine. Hasira zetu nazo zimepata mashine: mtu akiudhiwa asubuhi, kufika saa nne, nusu ya kaunti imeshamhukumu mwenzake kwenye simu, na anayehukumiwa hana hata sura. Rafiki yangu alikuwa na sababu ya kuchukia ambayo wengi wetu hatutaipata, Mungu atuepushe. Lakini kazi aliyoichagua ilimlazimu kukaa na adui yake kila wiki, kutafuta mahali macho yanapokaa, mashavu yalivyoingia ndani, mabega yalivyoinama. Aliendelea kutazama mpaka chuki ikakosa pa kushika. Ukiwa na mtu ambaye moyo wako umeapa kumfuatia, usimkimbilie. Chukua muda umtazame uso, kipande kwa kipande, kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.