Kenchi Sita Kabla ya Saa Sita

Nilipoingia getini asubuhi ile na kuona vioo vya kreni vimefunikwa viroba vya mbolea, nilijua nimekwisha.

Kwetu radi haina mzaha. Ikianza tu kupiga, mama yangu pale Lyamkena anafunika kioo cha kabati kwa khanga, anazima redio, anachomoa kila waya ulioko ukutani, kisha anatusogeza mbali na dirisha. Kwa hiyo viroba vile vilinieleza yote. Mvua ya usiku ilikuwa imeipiga Njombe nzima, na mlinzi wetu, mzee mpole wa Kifanya, aliitunza kreni kama anavyotunza televisheni ya nyumbani kwake. Alifunika vioo. Akachomoa na waya wa chaji.

"Kamwene, binti yangu," alinisalimu huku anatabasamu. "Mashine yako iko salama. Radi ilipiga sana, lakini mimi nilishachomoa kila kitu mapema."

Nilitaka kupiga kelele. Mimi hasira zangu ziko karibu, saiti nzima inajua. Lakini utamfokea vipi mzee aliyenyeshewa kwa ajili yako? Nikasema, "Asante, baba," nikapanda kwenye kiti. Taa ya betri ilionyesha mstari mmoja kati ya mitano.

Kreni yenyewe ni ndogo, inapenya uchochoro ambamo lori la mbao lingekwama. Ina injini ya dizeli ya kutembelea barabarani, na betri za kujisogeza saiti na kunyanyulia mizigo kimyakimya. Ililetwa kwa sababu tulikuwa tunajenga jengo jipya ndani ya hospitali, kwenye kiwanja chembamba, na madirisha ya wodi ya wazazi yalikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Mganga mkuu alitoa sharti moja: moshi na ngurumo visifike kwa vichanga, la sivyo wodi nzima ihamishwe.

Msimamizi wetu hakuipenda tangu siku ya kwanza. Yeye amezeeka na kreni kubwa la Makambako, lile ambalo likiwashwa mama ntilie anashika sufuria zake. "Mashine isiyonguruma ni kabati," alikuwa anasema. Na mimi pia hakunipenda kitini. Miaka minne nilishika kamba za kuongozea mizigo chini yake, na niliporudi kutoka mafunzoni na cheti cha uopareta aliniangalia kana kwamba ameombwa ampe mtoto wembe. Jana yake, kabla ya mvua ile kunyesha, aliniita mbele ya wote.

"Kesho nataka kenchi zote sita za chuma za paa ziwe juu ya ukuta kabla ya saa sita mchana," alisema. "Ukishindwa, naita kreni la Makambako, na wewe unarudi kwenye kamba."

Nilikitaka kiti kile, jamani. Sioni haya kusema. Nilikitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Sasa alikuwa amesimama chini yangu, anaikodolea macho taa ya betri.

"Nilisema mimi," akatoa simu. "Kuchaji ukutani ni siku nzima. Na hapa injini huwashi."

"Hapa siwashi," nikamjibu. "Lakini barabarani nani kanikataza? Iweke simu mfukoni, bosi. Sijashindwa bado."

Nikatumia chaji ile ndogo kujikokota hadi nje ya geti, polepole kama mgonjwa anayetoka wodini. Huko ndiko nikawasha injini, nikateremka hadi yadi ya mbao karibu na barabara kuu, ambako malori yanatoa moshi kutwa na hakuna mtoto wa kuamka. Injini ile ikiachwa iungurume inalisha betri. Nyuma yangu mafundi walikuwa wanacheka hadi wanashika mbavu.

"Huyoo! Opareta anatoroka!"

"Ukirudi utuletee maandazi!"

Nilikaa pale kwa saa mbili kasoro, ukungu umefunika miti ya misonobari mpaka chini. Msimamizi alipiga simu mara tatu, sikupokea. Mimi ni Mlutheri wa kusali kimya, lakini siku ile nilisali kwa sauti, tena kwa Kibena, ili Mungu asije akasema hakunielewa. Mstari wa pili ukawaka. Wa tatu ukachelewa, nikaupiga usukani kofi. Ulipowaka wa nne sikungoja wa tano.

Saa nne na nusu nilikuwa getini. Nikazima injini, nikaingia kwa betri, nikakunjua miguu ya kreni juu ya magogo, nikanyanyua mkono wake wa chuma. Hakuna aliyecheka tena. Kenchi ya kwanza ikapanda taratibu, wenzangu wa zamani wakiivuta kwa kamba isigonge ukuta, ikatua pale pale mafundi walipoingojea. Ya pili. Ya tatu. Jasho lilinitiririka mgongoni na baridi yote ile ya Njombe. Ya nne iliyumba kidogo, nikasubiri itulie, nikaishusha. Ya tano. Nilipoiachia ya sita, fundi aliyekuwa juu ya ukuta akanyoosha kidole gumba. Saa sita kasoro robo, na mstari mmoja ulikuwa umebaki.

Nikashuka. Msimamizi alikuwa anaziangalia kenchi, simu bado mkononi. Ndipo dirisha la wodi likafunguliwa kwa nguvu, nesi mmoja akatoa kichwa, amekasirika kwelikweli.

"Nyinyi vipi? Tangu asubuhi mmetufungisha madirisha, akina mama wanangoja kelele zenu zipite ndiyo wawalaze watoto. Hiyo kazi mnaanza saa ngapi?"

Msimamizi akainua macho hadi kwenye kenchi sita, akanitazama mimi, akakohoa.

"Samahani, sista. Tumeshamaliza. Opareta wangu ameshamaliza."

Nikapiga kigelegele ambacho hata Makambako walikisikia, na mle wodini kichanga mmoja akaamka akaanza kulia.