Kipande Kilichong'aa Kupita Kiasi

Sikuwa nimewahi kuingia maabara ya chuo kikuu mpaka Jumatano ile mdogo wangu aliponipigia simu niache kazi nije mjini. Nilifika nikiwa bado na ovaroli.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili, mkubwa wa watoto wanne. Niliacha shule nikaingia karakana moja hapa Kinoo, kwanza kufagia, baadaye kuendesha mashine ya kukereza vyuma. Wateja wapya wakikuta mwanamke, bado huniuliza fundi yuko wapi. Kitinda mimba wetu, huyo aliyenipigia, ndiye aliyefika chuo kikuu, akasomea fizikia, na kwa shahada yake ya pili akabuni spektrometa, chombo cha kutenganisha miale.

Alinieleza jikoni akitumia kifuniko cha sufuria. Ukipiga shaba kwa eksirei, shaba nayo hutoa eksirei zake, na ndani yake mna mistari miwili iliyokaribiana sana. Fuwele, yaani kristali, huurudisha kila mstari kwa pembe yake. Fuwele hiyo ikipindwa kidogo, kama kifuniko, hukusanya miale mpaka mistari ionekane imeachana. Kwa hiyo alihitaji kipande cha aluminiamu chenye bonde jepesi, agandishe juu yake utepe mwembamba wa silikoni, ndio fuwele yenyewe, ufuate umbo la bonde. Kazi ya kuchonga bonde ilikuwa yangu.

"Uiache tu vile imetoka kwa mashine," aliniambia.

Nilikichonga kwa vipimo vyake. Lakini kwetu karakanani hakuna kazi inayotoka bila kung'arishwa. Mteja akiona chuma kimefifia, anasema bado hujamaliza. Nikaona aibu kupeleka chuo kikuu kitu cha rangi ya jivu. Nikachukua msasa laini, nikasugua mpaka nikajiona uso. Mdogo wangu akadhani mashine yetu ndiyo safi hivyo. Alinisifu, akaenda nacho.

Kwa wiki tatu mistari ilikataa kuachana. Ilitokea kama doa moja nene. Alirudia hesabu, akasogeza kamera, akabadilisha shaba. Mwishowe msimamizi wake akampa hadi Ijumaa: ikishindikana, autupe muundo ule aanze utafiti mwingine. Mwaka mzima ungekuwa umeenda bure.

Pale maabara aliweka daftari mbele ya silikoni, ambayo hung'aa kama kioo, akaniambia nitazame taswira yake humo. Katikati, mistari ya daftari ilikuwa imenyooka. Kwenye kingo ilikuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Nilijua kabla hajauliza. Msasa wa mkono hula kingo. Mimi mwenyewe huwaonya wengine.

"Nilikisugua," nikasema.

"Na msasa?"

"Nusu saa hivi."

Alikaa kwenye stuli, akafunika uso. Nilifikiri analia, kumbe anacheka. "Siz, wiki tatu nimekuwa nikilaumu hesabu yangu."

"Sikutaka uaibike mbele ya watu."

"Watu gani? Eksirei haina macho."

Akasema bado ana utepe mmoja wa akiba. Alhamisi asubuhi nilichonga kipande kingine, nikakipangusa kwa spiriti, nikakifunga kwenye kitambaa haraka kabla mikono haijanishinda.

Ijumaa nilisimama nyuma ya mdogo wangu, msimamizi kando yangu. Kwenye skrini ukatokea mstari mkali, halafu weusi mwembamba, halafu mstari wa pili, hafifu kidogo. Mdogo wangu alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akashika mkono wa ovaroli yangu.

"Haya, anza kuandika," msimamizi akamwambia, kisha akaenda zake.

Nilishuka ngazi, nikarudi Kinoo kazini. Kipande cha kwanza sasa kinazuia karatasi zisipeperuke mezani karakanani. Wateja hukishika, wakajitazama, wakataka kujua kinauzwa ngapi.