Mwezi wa Darubini Yangu

Ndugu zangu, nichekeni tu. Chuo kilinituma Tabora kutafiti imani ya unajimu, nikafika na darubini yangu na kiburi cha fizikia. Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, mtaa mzima ulitafuta mwezi wa Idi bila kuuona. Nikachungulia mimi.

"Huu hapa, mwembamba kama uzi!"

Takbiri zikapaa, kuku wakachinjwa, na balozi wetu wa nyumba kumi akatangaza kwamba sayansi inajenga Taifa. Bibi Zuwena, mwenye nyumba wangu, naye akaishika darubini.

"Nauona, mjukuu wangu. Lakini mbona nimeielekeza kwenye ukuta wa choo na bado upo?"

Nikapangusa kioo kwa kidole, na Idi ya mtaa mzima ikatoka na ukope wangu.