Dawa ya Magoti

Kikopo chenyewe kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani. Nilikinunua Kitale, katika duka la vipodozi, baada ya jirani yangu wa Matisi kuporwa alfajiri akienda kazini. Mwenye duka alikitoa chini ya kaunta, akakifunga kwenye gazeti na kuniambia, "Sister, ukishikwa nacho, mimi hunijui." Hapo ndipo nilipojua kwamba ile pilipili ya kumpulizia mwizi machoni si kitu cha kubeba ovyo. Nilikibeba hata hivyo. Mimi ni muuguzi, zamu yangu naiendea kabla jua halijachomoza, na sheria haijawahi kunisindikiza.

Siku ya kesi ya shamba la marehemu baba, nilimchukua mama kwake Lugulu tukaenda mahakamani Bungoma. Alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, na kikapuni mlikuwa na hati za shamba, Biblia, na njugu za kutafuna tukisubiri kuitwa. Tulipobakiza watu wanne kufika langoni, nikaona askari wa kike akimwaga vitu vya kila mkoba juu ya meza. Ndipo nikakumbuka kikopo.

Ningeweza kutoka kwenye foleni. Ningeweza kusema ukweli. Lakini wiki hiyo nilikuwa nangoja karatasi ya polisi ya tabia njema, maana bila hiyo nisingeajiriwa kazi ya kudumu, na mikataba ya miezi mitatu mitatu ilikuwa imenichosha. Nikawaza, nani atampekua mama mzee mwenye sare ya kanisa? Nikaingiza mkono kikapuni mwake, nikakiacha kikopo chini ya Biblia. Ndiyo, chini ya Biblia. Naandika haya uso ukiniwaka.

Alipekuliwa kama wengine.

"Mama, hii ni nini?" askari akauliza.

Mama alikitazama kikopo ambacho hakuwahi kukiona maishani mwake. Mimi hakunitazama.

"Ni yangu, mwanangu. Ni dawa ya kupurizia magoti."

"Magoti? Haya, jipulizie nione."

Mama akainama, akaanza kupandisha sketi mbele ya watu wote, kidole kikitafuta pa kubonyeza. Tundu la kikopo lilikuwa limeelekea usoni mwake, naye hajui. Mimi nilijua. Askari ndiye aliyemdaka mkono.

"Wacha, mama! Utajichoma macho. Hii ni pilipili ya kupulizia watu. Sheria inaihesabu na silaha, raia habebi. Ni nani amekupea?"

"Nirinunua sokoni. Niriambiwa ni dawa."

Mama yangu, ambaye hajawahi kumdanganya hata mnunuzi wa mahindi, alikuwa amedanganya mara tatu mfululizo, na Biblia yake iko pale mezani. Mimi nikajiinamia simu, eti nasoma ujumbe.

Walimkalisha kwenye benchi kando ya lango wamngoje mkubwa wao. Baba mdogo, ambaye ndiye tuliyekuwa tukishindania naye shamba, akapita akamwona, akacheka kwa nguvu.

"Ati siku hizi bibi ya marehemu ndugu yangu anabeba silaha? Na si huyu ndiye anatuombea kanisani!"

Mama alitazama viatu vyake. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Uchungu wa mzazi, mimi siku hiyo niliusikia vizuri, nikaona bora aubebe yeye. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo hapo pia, na sikusema.

Mkubwa alipokuja alimwonya mama kwamba askari wengine wangemlaza ndani, akabaki na kikopo, akamwachilia. Kesi ikaahirishwa. Karatasi yangu ya tabia njema ilitoka safi baadaye, na kazi nikapata. Mpaka leo naifanya.

Jioni hiyo tukafika Kanduyi kungoja gari la kwenda kwake. Mama alikuwa akimenya njugu, ananigawia nusu. Nikajikaza.

"Mama, kile kikopo..."

"Nirisikia mkono wako ukiingia kikapuni," akasema, bila kuacha kumenya. "Nirifikiri unaniwekea sukari kidogo, unaona haya kunipa. Nikanyamaza, nisikuaibishe mbere ya watu."