Shuka Dunguni, Zipora

Nakumbuka mpaka leo baridi ya tope lile kiganjani mwangu, mwanangu Zipora. Lilikuwa dongo la kufukuzia ndege, nimelishika vizuri kabisa, na sikulitupa. Kwa sababu sikulitupa, mama mmoja mjane alikosa mpunga wa mwaka mzima. Nitafika huko. Kwanza nikwambie kwa nini nakuandikia, na wewe umeondoka hapa Jumatatu tu, hata mkeka uliolalia sijaukunja.

Ulinipa dawa ya presha mara mbili.

Hukujua. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa. Ulinipima, ukasema, "Nyanya, presha yako leo nzuri kuliko yangu," ukanipa tembe moja na maji, nikameza. Ukaenda kuosha kikombe. Ukarudi, ukafungua ile pakiti tena. "Nyanya, dawa." Nikakutazama usoni. Macho yalikuwa wazi lakini wewe hukuwamo. Nikaibana ile tembe shavuni, nikanywa maji, nikatoka nje nikaitema nyuma ya choo, nikaifukia kwa kisigino kuku wasije wakaila. Sikukwambia. Ungelia, na tulikuwa na siku moja tu ya kukaa pamoja.

Lakini kanisani sikusikia hata neno la mahubiri. Nilikuwa nawaza: mimi ni mzee mjanja, najua tembe zangu. Yule mama aliyelala wadini kwenu, ambaye hata jina lake amelisahau kwa homa, yeye ataitema vipi?

Na nikaona aibu, kwa sababu mkono wangu pia umo. Mimi ndiye ninayekutangaza. Kila siku ya soko pale Garsen nasimama kwa Mama Halima, yule Muorma anayeuza maziwa, namwambia mjukuu wangu anasomea udaktari bingwa, anafanya kazi tangu alfajiri mpaka alfajiri ya pili, hakai, halali, halalamiki. Nasema kwa sauti, na wenye vibanda wasikie. Mwezi uliopita Mama Halima akapima maziwa yangu, akanitazama, akasema, "Ndugu yangu, hata ng'ombe wa mnada akitoka mbali hupumzishwa kabla ya kuuzwa. Huyo wako ni kitu gani?" Nilimkasirikia. Nilinunua maziwa kwingine wiki nzima, nayo yalikuwa na maji.

Sasa sikiliza ya dungu.

Nilikuwa bibi harusi, sijamaliza mwaka kwa mume wangu. Shamba letu la mpunga lilikuwa bondeni karibu na mto, limepakana na la jirani yetu Raheli upande mmoja na la mama mkwe upande wa pili. Wewe umekulia kwenye vitabu, hukuwahi kuamia ndege, basi nikueleze. Mpunga ukianza kutia maziwa, wanakuja ndege wadogo wenye midomo myekundu, wanakuja kama moshi. Wakitua, shamba linakwisha kabla chungu hakijachemka. Kwa hiyo tunajenga dungu, jukwaa la miti la kukalia juu, pale katikati ya mashamba matatu. Tunafunga kamba zenye madebe mpaka pembeni kwa kila mtu. Aliye juu anavuta kamba, anapiga kelele, anarusha madongo kwa kombeo, mpaka jua lizame. Karibu mwezi mzima.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya zamu. Wa asubuhi anashuka jua likifika utosini, wa mchana anashuka jua likilala. Na kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: anayepanda dunguni anakula kwanza. Kabla ya wenye shamba, kabla ya wanaume, kabla ya wageni. Chungu kikiepuliwa, sahani ya kwanza inakwenda dunguni, tena yenye samaki.

Mimi nikaja na ujeuri wangu. Nilitaka mama mkwe anione. Nikasema, "Nyinyi pumzikeni. Nitakaa mimi."

Siku ya kwanza wakacheka. Siku ya pili wakasifu. Wanawake wakipita kuteka maji mtoni wanapaza sauti, "Ee bibi harusi, wewe ni chuma!" Na mimi nakaza shingo. Mama mkwe akaanza kunisema kwa watu, "Mkwe wangu hashuki." Ah, mwanangu, maneno hayo yalikuwa matamu kuliko asali ya porini. Raheli alikuwa akija kila mchana, anasimama chini na sahani. Alikuwa amefiwa na mume mvua ya nyuma, ana watoto watatu, na lile shamba ndilo lilikuwa chakula chake chote.

"Shuka ule, mdogo wangu. Mimi napanda."

"Niko sawa, dada. Nipe huku huku juu."

"Macho yako mekundu."

"Ni vumbi."

Vumbi, bondeni, kwenye matope! Yeye akatikisa kichwa, akaenda zake. Na kwa kuwa mimi sishuki, wenzangu wakazoea. Huyu akaenda kufinyanga vyungu, yule akaenda kupalilia migomba. Walijua yupo chuma juu.

Siku ya kumi, Raheli alikuwa amempeleka mtoto wake Tarasaa kutibiwa. Jua la saa nne. Nimekaa, dongo mkononi, kamba imefungwa kidoleni. Nikawaona wanakuja kutoka kwenye matete. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, Zipora. Watu hudhani nililala. Sikulala. Niliwaona. Niliwaona wakizunguka mara moja, mara mbili, wakashuka kwenye shamba la Raheli, maana ndilo lililokuwa karibu na matete. Nikajiambia, vuta kamba. Mkono haukusogea. Nikajiambia, piga kelele. Mdomo haukufunguka. Nikakaa nikiwatazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kijiji cha wengine. Aliyepiga kelele ni mama mkwe, kutoka mbali, anakuja mbio na kanga imedondoka.

Lilikuwa limekwisha.

Raheli alirudi alasiri. Nilimwona akiingia shambani kwake polepole. Akakata suke moja, akalibana kwa vidole, halikutoka kitu. Akakata jingine. Kisha akaja, akapanda dunguni, akakaa karibu nami. Nilitamani anipige.

Nikasema, "Dada, nisamehe. Nilikuwa nimechoka."

Akauliza, "Ulichoka lini?"

Sikutegemea swali hilo. Nikafikiri, nikasema kweli. "Siku ya nne."

"Na leo ni ya ngapi?"

"Ya kumi."

"Basi ulinikosea siku ya nne," akasema. "Uliponiambia ni vumbi. Leo ni ndege tu wamekula."

Akanifungua ile kamba kidoleni. Kidole kilikuwa kimevimba, hata sikujua. Akasema, "Shuka. Mimi nakaa." Nikamwambia, ukae kulinda nini, na lako limekwisha? Akanitazama kama ninavyokutazama wewe ukisema upuuzi. "Lako na la mama yako bado lipo. Shuka ukalale."

Nililala mpaka kesho yake mchana. Mama mkwe hakunigombeza. Alikuja kwangu, akakaa kizingitini, akasema, "Mwanangu, tulikosea wawili. Wewe ulipenda sifa, na mimi nilikuwa nakupa." Tulipovuna, nusu ya mpunga wetu ilikwenda kwa Raheli, na mwaka ule tulikula ndizi mpaka tukazichukia. Na kila zamu yangu ilipokwisha, Raheli alikuwa yuko chini na sahani. "Shuka." Hakuwahi kusahau. Hata nilipokuwa mzee, hata tulipokuwa hatulimi tena, akinikuta nimeinama na jembe anasema, "Shuka dunguni, wewe." Nilipomzika, ndilo neno lililonijia.

Sasa wewe. Jumamosi ile tukila, ulilala juu ya sahani. Nikacheka, una punje za wali shavuni, daktari mzima. Simu yako ikalia, ukaamka, ukaiweka sauti ya wazi maana mikono ilikuwa na mchuzi. Alikuwa mwenzako Fatuma. Nikamsikia kwa masikio yangu.

"Zipora, dada, Jumamosi ijayo mimi niko huru. Nikushikie zamu yako? Umeshika tatu mfululizo."

"Niko sawa."

"Huko sawa. Jana ulimwita Mzee Saidi Mama Saidi."

"Ni usingizi wa gari tu. Niko sawa, Fatuma."

Mwanangu, nilipokusikia ukisema usingizi wa gari, nilisikia vumbi.

Nilikuuliza basi, kwa nini usimpe? Ukaniambia, Nyanya, wakubwa wataona mimi dhaifu. Ukaniambia, hata wao walipitia hivi hivi. Nikakuuliza na mshahara je, ukatazama chini. Ukasema umechelewa tena, na kwamba eti nyinyi mnahesabiwa wanafunzi. Ukasema udaktari ni wito.

Mimi sikusoma, darasa la tatu ndilo mwisho wangu, kwa hiyo nitasema kama mtu asiyesoma. Mwanafunzi gani anaitwa alfajiri kushona tumbo la mtu? Wito hauendi dukani kununua unga. Sisi watu wa matope, tusio na kalamu, tulijua kwamba anayelinda anakula kwanza. Sikujua kwamba walio na kalamu wanahitaji kukumbushwa. Mkikaa pamoja, wewe na Fatuma na wenzenu, mkadai mshahara uje kwa wakati na zamu ziwe na mwisho, msione haya, wala msikubali mtu awaambie mnapenda shilingi kuliko mgonjwa. Raheli alikula samaki wa kwanza dunguni na hakuna ndege aliyefaidika kwa hilo.

Na hao wakubwa wanaosema walipitia hivi hivi, waulize kwa heshima, kwa sauti ya chini, ulivyolelewa: "Daktari, na mgonjwa gani alilipia uchovu huo?" Kila mmoja wao ana shamba la Raheli mahali fulani. Wengine hawakupata mtu wa kuwauliza walichoka lini.

Basi nasaha yangu ni hii, na uisome ukiwa umekaa, si ukitembea kwenye korido. Ukichoka, sema siku ya nne. Usingoje ya kumi, maana siku ya kumi huna tena mdomo wa kusemea. Mwenzako akisimama chini na kukwambia shuka, shuka. Hakudharau, anakulinda wewe na anamlinda yule aliyelala kitandani. Nawe ukimwona Fatuma macho yamekuwa mekundu, panda wewe. Kula kabla ya zamu. Lala bila kuomba radhi. Penda mtu, ukipata mwenye akili; mimi nataka kitukuu kabla sijafa, na kitukuu hakitengenezwi wadini. Na usifanye kazi ili mimi nikutangaze sokoni. Mimi nimeacha. Alhamisi nilikwenda kwa Mama Halima, nikamwambia alikuwa na haki. Akaniongezea kikombe bure, na akasema nikuletee salamu: "Mwambie daktari apumzike, ndipo aje anitazame goti."

Naomba jambo moja tu, na naliomba leo. Mpigie Fatuma kabla ya Jumamosi. Useme maneno haya, hayana ugumu: "Nishikie, nimechoka." Halafu zima simu ulale.

Mungu aliyepumzika siku ya saba, na hakuna aliyemwita dhaifu, akulaze salama na akuamshe na akili yako yote. Akupe mikono mitulivu, wakubwa wenye masikio, na wenzako wa kukuita ushuke. Kila mgonjwa utakayemgusa akute upo mwenyewe nyuma ya macho yako.

Mkeka siukunji. Utakuja tena, utalala mpaka jua liwe juu, na nitawafukuza kuku wasikupigie kelele. Ukiamka, utanipa dawa yangu ya presha mwenyewe. Nitafungua mdomo bila kuhesabu.

Nyanya yako.