Bei ya Gari Lisiloguswa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mthamini Mkuu wa ofisi yetu ya Embu alinipeleka uani, akanionyesha magari mawili na kuniuliza lipi ni ghali. Moja lilikuwa gari dogo jipya linalong'aa. La pili lilikuwa Foresta ya zamani, rangi imefifia kwa jua, matope ya barabara ya Kanja yamelipanda hadi milangoni. Nikaelekeza kidole kwenye lile jipya. Mzee akacheka hadi akakohoa.

"Kijana, tumekuajiri kutazama rangi? Fungua boneti."

Ndani mlikuwa na tabo, ile mashine ndogo inayosukuma hewa kwenye injini ili gari livute kwa nguvu. Gia zilikuwa za mkono. Hapakuwa na waya uliokatwa wala skrubu iliyobadilishwa.

"Hili," akasema, "mwaka ujao litauzwa bei hii hii. Lile jipya litashuka kabla mwenyewe hajazoea harufu yake."

Kuthamini gari ni kukadiria bei ambayo mnunuzi wa kweli atakubali kulipa leo. Magari mengi huchakaa, yaani hupoteza bei kila mwaka, na kazi ya mthamini huwa ni kupunguza tu. Lakini yapo machache yanayokataa kushuka. Nimelieleza jambo hili maisha yangu yote ya kazi, na bado watu hunitazama kama muuza dawa za minyoo sokoni. Haya, nilieleze tena.

Magari yale yenye kasi hayatengenezwi tena kwa namna ile. Mengi ya yaliyokuwepo yameisha, mengine kwa ajali kwenye kona, mengine mikononi mwa watu wanaoongeza hiki na kutoa kile. Yamebaki machache ambayo hayajaguswa, na wanaoyataka ni wengi. Yupo aliyelitamani akiwa mwanafunzi na sasa ana mshahara. Na huku kwetu yupo msafirishaji wa miraa. Miraa iliyochumwa asubuhi ikichelewa njiani hunyauka, na iliyonyauka haina mteja. Mtu huyo akilipia kasi, analipia mzigo wake ufike ukiwa hai.

Nilipohamishiwa Meru, Meneja wa Tawi alinirudishia tathmini moja. "Gari la umri huu litazidije jipya?" Nikaketi, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akaitikia kwa kichwa kwa makini. "Nimeelewa kabisa," akasema. "Sasa punguza kidogo, ionekane vizuri." Sikupunguza.

Lakini aliyenichosha kuliko mameneja wote ni Murithi, msafirishaji wa miraa wa Mikinduri. Mgongo wake ulikuwa umeharibika, na daktari alimwonya aache usukani. Alitaka kuuza Foresta yake anunue mashine ya kusaga mahindi, akae nyumbani. Gari lilikuwa safi ajabu, ila viti vya nyuma havikuwepo, maana wasafirishaji huving'oa ili magunia yaenee. Nilivikuta sebuleni. Mkewe, Mama Kendi, alikuwa amevitandika vitambaa vya kufuma.

"Hivi ni vya gari," nikasema.

"Hiyo ni sofa. Wageni wa harusi walikaa hapo."

"Mama, mnunuzi anataka gari kamili."

"Na mimi nikipata wageni, nitawakalisha kwa boneti?"

Tulicheka, akakubali. Nikamwambia Murithi, "Rudisha viti, lioshe, usiguse kitu kingine chochote." Akaitikia kila neno.

Mnunuzi, kijana mmoja, alipofika kutoka Nairobi, Murithi aliniita nishuhudie. Viti vilikuwa mahali pake. Kijana akafungua boneti, akainama.

"Mzee, tabo iko wapi?"

"Hiyo tulitoa," Murithi akasema kwa fahari. "Ilikuwa inakunywa mafuta sana. Fundi akakuwekea injini ya kawaida, haisumbui."

"Na ile ya kwanza?"

"Alibaki nayo. Si ilikuwa imezeeka?"

Kijana akashusha boneti polepole, kama anayefunika maiti. "Mimi nilikuja kununua hiyo iliyozeeka."

Tulikimbia kwa fundi. Injini ilikuwa imeshauzwa, na fundi hakumjua aliyeichukua. Njiani nikamwuliza Murithi kwa nini hakunisikia.

"Nilikusikia, Mzee. Ulisema nisiguse. Mimi sikugusa, ni fundi aligusa."

Gari liliuzwa kwa bei ya gari la kawaida. Mashine ya kusaga haikupatikana. Murithi akanunua mshipi wa mgongo, akaajiriwa kuendesha gari la mwenzake.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Majimbo hapa Embu. Vijana huniuliza siri ya magari yale, nami huwaambia kwamba kazini nilikuwa nathamini subira ya mwenye gari kuliko injini. Huitikia vizuri sana, kisha wanakwenda kuongeza taa za bluu.

Juzi Murithi alisimama langoni pangu akiwa na Foresta nyingine, yenye tabo, haijaguswa. Alikuwa amejinyima muda mrefu kuipata kwa mkulima aliyekuwa haitumii. Alishuka akijishikilia mlangoni kwa sababu ya mgongo.

"Hii ndiyo ya kununulia mashine ya kusaga, Mzee. Nikiiuza, nimemalizana na barabara."

"Hongera sana. Iache hivyo hivyo."

"Naiacha. Ila hili bomba la moshi ni jembamba, sivyo? Kuna fundi ameniambia..."

Nikamnyang'anya ufunguo, nikamvutia kiti kivulini, nikaanza upya kutoka mwanzo.