Bomba Mama la Nyumba ya Milango Sita

Tarehe 11 Januari 1998, katika nyumba moja ya ghorofa kusini mwa mji wa baridi kali wa Bishkek, koki zote sita za mabomba ya kupasha nyumba joto zilifunguliwa hadi mwisho. Hilo limethibitishwa na watu watatu wasiokubaliana katika mengine yote.

Aliyezifungua ni Sagynbai Turdumatov, fundi wa mabomba wa nyumba hiyo. Alikuwa amechoka kuitwa mwizi.

Nyumba ilikuwa na milango sita, kila mmoja na ngazi zake na familia zake. Chini ya ardhi, upande wa mlango wa kwanza, maji ya moto ya mjini yaliingia katika bomba moja nene ambalo Sagynbai aliliita bomba mama. Mgongoni mwake yalichipuka mabomba membamba sita, moja kwa kila mlango, kila moja na koki yake, kupeleka maji hayo kwenye vyuma vya joto vya ukutani vyumbani. Maji hupita palipo rahisi. Tawi la mlango wa kwanza lilikuwa fupi. La mlango wa sita lilivuka urefu wote wa nyumba. Kwa hiyo Sagynbai aliibana koki ya kwanza karibu kuifunga, ya pili akailegeza kidogo, na hivyo hivyo hadi ya sita, aliyoiacha wazi kabisa. Joto la milango yote likakaribiana.

Oktoba 1997 binti yake, Anarkul, alihamia mlango wa sita na mumewe na mama mkwe. Desemba akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Majuma machache baadaye Kerimbubu, muuza nyama na mwenyekiti wa wakazi, aliyeishi mlango wa kwanza, alishuka chini kuchukua kabichi ya chumvi katika pipa lake. Akaziona koki.

“Baike, mimi nashinda kwenye mizani,” alimwambia uani, akimwita kaka kwa lugha ya huko, majirani wakisikia. “Iliyolala upande naijua. Koki yangu umeikaba koo, ya binti yako umeiacha inapiga miayo.”

“Wewe uko jirani na bomba, Kerimbubu. Nikikufungulia, utawanywea wenzako.”

“Kumbe mlafi ni mimi.”

Watu wakacheka.

“Ilikuwa hivyo hata kabla Anarkul hajahamia,” Sagynbai alisema.

“Nani aliiona?”

Hakuna aliyewahi kuziangalia koki kabla ya hapo. Siku hiyohiyo Sagynbai alizifungua zote sawasawa.

Haukupita muda, wakazi wa mlango wa kwanza wakawa wanalala madirisha wazi. Mlango wa sita, Anarkul alitundika zulia dirishani, akamhamishia mtoto jikoni, karibu na moto wa gesi. Hakumwomba baba yake lolote. Aliyekwenda ni mama mkwe wake.

“Mkwe, jina lako sasa limetakata,” alimwambia Sagynbai mlangoni, bila kukubali kuingia. “Midomo ya mjukuu wako imekuwa ya buluu.”

Sagynbai alichukua spana. Hakushuka kwenye koki. Alibisha kwa Kerimbubu.

“Bana wewe. Mkono wangu hauaminiki.”

“Mimi nakata mbavu, baike, sikati maji. Nitajuaje pa kuishia?”

“Nitakuwa kwa Anarkul. Chuma cha joto kikiwaka vya kutosha, nitagonga bomba. Utanisikia.”

“Na ukinogewa na joto ukasahau kugonga?”

“Utaganda, utapanda kunitukana. Kutukana hujashindwa bado.”

Kerimbubu anakumbuka kwamba alianza adhuhuri. Alibana ya kwanza, ambayo ni yake, kisha zilizofuata, kila moja pungufu ya iliyotangulia. Akaketi juu ya pipa la kabichi kusubiri, akasikia kimya, akabana tena. Ghorofani, kwa maelezo ya Anarkul, Sagynbai alimpakata mtoto, kiganja chake kikiwa juu ya chuma cha ukutani. Jioni bomba lilitoa sauti: pigo moja. Kerimbubu akaacha. Akayang'oa magurudumu ya kuzungushia koki zote, akapanda nayo kwake, na ndiye aliyeyatunza tangu siku hiyo.

Mtoto alipona. Kerimbubu anasema kwake palivumilika, akiwa na sweta.

Sagynbai alifariki mwaka 2011. Haijulikani kama alipogonga, mlango wa sita ulikuwa umelingana na mingine au ulikuwa umeizidi. Yeye hakusema, na hakuna aliyepima.